Mama Nyekundu, Baba Bluu

Jumatatu, 4 Mei

Leo nimekuwa mwalimu. Naandika tena kwa raha zangu: mwalimu.

Mpaka Ijumaa nilikuwa mtunza stoo wa shule. Chumba hakina dirisha. Mimi, mafagio, ndoo na maboksi ya chaki. Lakini mwalimu wa chekechea amekwenda kujifungua, na Mwalimu Mkuu amekosa mtu. Akaniita ofisini, akaniangalia kama mtu anayechagua nyanya zilizobaki sokoni jioni, akasema basi nijaribu. Ijumaa ya wiki ijayo anakuja mkaguzi. Akikuta watoto wanajua rangi na wanasoma maneno machache mepesi, darasa ni langu mpaka mwisho wa mwaka. La sivyo, narudi kwa mafagio.

Watoto walinipokea mlangoni. Yupo Bwana Maswali, ambaye akishajibiwa huuliza tena lile lile. Yupo Kamasi, ambaye pua yake haijapata kukauka tangu azaliwe. Yupo Bibi Kimya, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, hasemi kitu. Majina hayo nimewapa mimi, kwa siri. Nilipoingia walinikimbilia wote wakanishika suruali. Nilibaki nimesimama. Mafagio hayajawahi kunikimbilia.

Jioni nimemweleza Dada. Ni dada yangu mkubwa, ninaishi kwake, na hilo hapendi nilisahau. Hakunipongeza. Aliniomba tu nisianze. Nikauliza kuanza nini. Akasema ananijua tangu nina meno ya utoto: mimi ni mtu wa njia za mkato, na kila njia yangu ya mkato huishia jikoni kwake, yeye akitafuta namna ya kuniombea radhi.

Ndugu hawaoni nyota iliyo ndani ya nyumba.

Jumanne, 5 Mei

Nimechungulia darasa la jirani. Mwalimu wake namwita Mama Filimbi, kwa sababu ya filimbi anayovaa shingoni hata akienda msalani. Ana miaka mingi kazini. Watoto wake walikuwa wanachora herufi A kwa kidole kwenye sinia la mchanga. Nikamuuliza wameanza lini. Akasema wiki iliyopita. Wiki nzima, herufi moja! Kwa mwendo huo watasoma neno la kwanza wakiwa na wajukuu.

Mimi sina muda huo. Nina rangi za kufundisha na nina maneno ya kufundisha, na siku zenyewe ndizo hizi. Nimekaa nikawaza. Mtu mwingine angefundisha rangi kwanza, kusoma baadaye. Kwa nini nisizichemshe chungu kimoja?

Mpango umekuja wenyewe wakati naoga. Nimelala nikitabasamu. (Naandika kesho yake kwamba nililala nikitabasamu. Dada ndiye aliyeniambia, na hakusema kwa kunisifu.)

Jumatano, 6 Mei

Mpango ni huu. Kila silabi na rangi yake. MA nyekundu. BA bluu. KA kijani. DA njano. JI zambarau. Nikiandika MAMA, naandika kwa chaki nyekundu tupu. Nikiandika MAJI, nyekundu kisha zambarau. Mtoto anajifunza rangi na kusoma kwa pumzi moja.

Kabla ya mapumziko walikuwa wanasoma. Wanasoma! Mama, baba, kaka, dada, maji. Kamasi alisoma maji huku anapenga. Ilibidi nitoke nje nisimame uani kidogo. Akili nyingi huchosha mwili.

Baada ya mapumziko nikarahisisha zaidi. Badala ya kuandika, nikawa nainua karatasi ya rangi, haina kitu. Nyekundu juu, darasa zima: ma! Bluu juu: ba! Hakuna haja hata ya kuchafua mikono.

Mmoja tu ananitia doa. Bibi Kimya. Nikiinua nyekundu, kimya. Nikiinua kijani, kimya. Nikampa jani lililochorwa alipake rangi. Alipaka polepole, hakutoka nje ya mstari hata nukta, na akalipaka jekundu kama nyanya. Nikamwambia jani si jekundu. Akalitazama jani, akanitazama mimi, akalitazama jani tena.

Kichwa kigumu. Wapo watoto wa namna hiyo.

Ijumaa, 8 Mei

Siku ya sifa. Bibi yake Kamasi amekuja mwenyewe getini, kilemba cha njano kichwani, uso umekunjuka. Eti juzi mjukuu alimtazama kichwani akasoma: dada. Anasema hajaitwa dada tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na kilemba hicho hakivui tena. Akaniombea maisha marefu. Nikasema ni kazi yetu, bibi.

Mzazi mwingine anasema mtoto anasoma mpaka geti la shule. Geti ni la bluu. Akalisoma: baba. Mwingine mtoto wake ameisoma ndoo.

Mama Filimbi alisikia yote haya. Akanivuta pembeni kwa upole, akaniuliza kama nimewahi kuwaandikia watoto neno kwa chaki nyeupe. Nikasema ya nini. Akasema, mwalimu mwenzangu, naogopa watoto wako wanaisoma chaki, herufi hawajaziona bado. Akaniomba nijaribu siku moja tu, nione.

Wivu. Nimemwonea huruma. Mtu amekesha na herufi A kwenye sinia la mchanga, jirani yake kwa siku tatu watoto wanasoma magetini. Mimi pia ningeumia.

Jumatatu, 11 Mei

Balaa. Chaki nyekundu imekwisha. Kila mtoto anataka kuandika mama, hakuna anayetaka kuandika kaka. Nilikimbilia stoo kwangu kwa zamani. Boksi tupu. Nikakumbuka kwamba mtunza stoo aliyegawa nyekundu zote za mwisho kwa Mama Filimbi ni mimi mwenyewe, mwezi uliopita, tena nilimsihi azichukue zinipunguzie vumbi.

Nikaona nisikwame. Nikaandika MAMA kwa bluu. Darasa zima: baba! Kutoka nyuma ikaja sauti ndogo, mara ya kwanza kuisikia tangu nianze: mama. Ni Bibi Kimya. Nikamwambia kwa upole hapana, mwanangu, tazama vizuri, hiyo ni baba. Akafumba mdomo. Mtoto hasemi wiki nzima, siku anayosema anakosea.

Nilikuwa nimeshafuta ubao nilipohisi kuna kitu hakijakaa sawa. Nikafikiri ni njaa.

Mchana nikazungumza na baba yake alipokuja kumchukua. Fundi ni mtu mpole, mabega yameinama kwa cherehani. Nikamwambia binti hajakomaa, rangi hazijui, kusoma ndiyo kabisa, pengine apumzike nyumbani aje tena mwakani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema mama yake amesafiri kwenda kumuuguza mama yake mzazi, labda mtoto ana upweke. Akasema yeye naye utotoni wazazi wake waliambiwa hivyo hivyo juu yake. Kisha akaniomba, mwalimu wangu, nimvumilie kidogo, kwa sababu binti huyo akifika nyumbani huvipanga vishikizo vya nguo mstarini akavifundisha, na kila kishikizo anakiita mwanafunzi wangu.

Nikasema nitaona. Lakini tangu mchana naviona vishikizo hivyo na sipendi.

Jumanne, 12 Mei

Chaki nyekundu za Mama Filimbi ziko chini ya kabati lake. Najua kwa sababu kabati nililibeba mimi.

Mtu wa kawaida angeomba. Lakini nikiomba atajua nimeishiwa, akijua atanihurumia, na huruma ya Mama Filimbi siiwezi wiki hii. Nikangoja awatoe watoto uani. Nikanyata. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikainama. Mkono haukufika. Nikalala kifudifudi. Nikalifikia boksi, nikalivuta, nikajivuta na mimi, na hapo nikasikia suruali yangu ya kijani, ndiyo pekee niliyo nayo ya heshima, ikipasuka nyuma kuanzia huku mpaka kule.

Kisha nikasikia filimbi. Ilikuwa mlangoni.

Hakucheka, nampa haki yake. Aliniuliza kama ningependa chaki nyekundu. Nikasema kama zipo. Akachukua boksi kutoka mkononi mwangu, akanirudishia lile lile boksi, akasema karibu. Akanipa na kanga yake nijifunge mpaka nyumbani. Akaongeza kwamba angenipa hata kama ningeomba nikiwa nimesimama.

Watoto wake wote walikuwa nyuma yake. Bado wako kwenye herufi A, lakini kucheka wanajua vizuri.

Suruali nimempelekea fundi, baba yake Bibi Kimya. Ndiye fundi wa karibu. Niliona aibu kidogo. Akasema itakuwa tayari Alhamisi.

Alhamisi, 14 Mei

Kesho ndiyo kesho. Nimejipanga hivi.

Kwanza, ubao umeandikwa maneno yote kwa rangi zake, na chaki zimenolewa. Pili, Bibi Kimya hatakuwepo. Mtoto mmoja asiyejua kitu anaweza kuzamisha wenzake wote, na mimi nao. Nimemwambia Mama Filimbi kwamba binti ana kikohozi kidogo, sitaki kiwaambukize wengine, amkalishe kwake asubuhi. Amenitazama. Hajawahi kumsikia akikohoa. Amekubali.

Jioni nikachukua suruali. Fundi alikuwa na haraka, wateja wamejaa. Nimeifungua nyumbani. Mshono mzuri, umenyooka, hakuna kasoro. Uzi mwekundu! Suruali ya kijani, nyuma yake mstari mwekundu kutoka huku mpaka kule.

Nimemwonyesha Dada. Alikaa chini kwanza. Alipoweza kusema, alisema fundi huyu amemshonea miaka yote, mke wake akiwepo hajawahi kukosea.

Hajakosea hata sasa, nimemwambia. Ni kisasi. Nilimgusa mwanawe, naye amenigusa pale nisipoweza kupaona. Nimeshindwa hata kumlaumu. Kesho nitatembea mgongo ukutani.

Ijumaa, 15 Mei

Nitaandika ilivyokuwa, bila kuipamba.

Mkaguzi ni mama mtu mzima, miwani, mkoba, sauti ndogo. Alikuja na Mwalimu Mkuu. Nikampa shikamoo nikiwa nimeegemea ukuta. Akauliza kama ningependa kukaa. Nikasema nimezoea kusimama. Bibi Kimya nilikuwa nimeshamvusha kwa Mama Filimbi. Aliondoka bila kusema, mkoba wake kifuani, akageuka mara moja mlangoni. Sikumtazama.

Mwanzo ulikuwa asali. Nikanyooshea ubao fimbo, wakasoma. Mama. Baba. Maji. Mwalimu Mkuu alianza kunitazama kama nyanya nzuri. Mkaguzi akasema vizuri, akaniomba niongeze neno ubaoni. Nikajisahau. Nikageuka kuandika.

Darasa zima, kwa sauti moja, wakausoma mshono: ma!

Mkaguzi akauliza wamesoma nini, mbona bado sijaandika. Bwana Maswali akanyoosha kidole kumsaidia aone. Nikarudi ukutani. Mwalimu Mkuu akafunika uso.

Mkaguzi akafungua mkoba akatoa kadi zake mwenyewe. Nyeupe. Maandishi meusi. Roho yangu ilianguka kabla ya kadi kuinuliwa. Akainua MAMA. Watoto wakaitazama kwa muda mrefu, wanangu wale, wakajitahidi. Kisha Kamasi akasema: nyeusi. Akainua BABA. Wote wakachangamka, wameshaelewa mchezo: nyeusi! MAJI: nyeusi, nyeusi! Bwana Maswali akauliza kwa nini mgeni hana rangi nyingine, na kama hana, yeye anaweza kumwazima.

Niliiona stoo. Niliwaona watoto wakimkimbilia mtu mwingine asubuhi, nikawa nimeumia, naandika kama ilivyo, niliumia hasa.

Mlango ukagongwa. Mama Filimbi, amemshika Bibi Kimya mkono. Alisema samahani kwa kuingilia, lakini mtoto hakohoi, na tangu asubuhi anatazama ukuta wa upande huu, anataka darasa lake. Nilitaka kumwashiria amrudishe, lakini mkaguzi alikuwa bado ameinua kadi.

Bibi Kimya akaitazama. Akasema: maji.

Mkaguzi akainua nyingine. Dada. Nyingine. Kaka. Akachanganya, akatoa kadi ambayo mimi sijawahi kuiandika, JIKA. Haina maana yoyote, ya kumtega tu. Akaisoma: jika. Kisha akaniangalia mimi kuona kama atakosolewa.

Mkaguzi akachuchumaa. Akatoa penseli mbili, nyekundu na kijani, akamuuliza zikoje. Bibi Kimya akasema moja ndefu, moja fupi. Akamuuliza rangi. Akasema zote sawa. Mkaguzi akasema taratibu kwamba ameshawaona watoto wa namna hii, macho yao hayatenganishi nyekundu na kijani, hurithiwa nyumbani, wala si ugonjwa wala ujinga. Wenzake walishika rangi. Yeye rangi hazikumfaa, akabaki na herufi.

Nikaona kila kitu kwa mpigo. Jani jekundu. Uzi wa fundi. Na ile Jumatatu, MAMA ya bluu, mtu pekee darasani aliyesoma, hata ukimhesabu na mwalimu, na mimi nikamwambia atazame vizuri.

Mkaguzi alimuuliza nani amekufundisha kusoma. Nikasubiri aseme mama, au baba, au aonyeshe Mama Filimbi.

Alininyooshea kidole mimi.

Nililia. Niliwaambia ni vumbi la chaki. Bwana Maswali aliuliza kwa nini vumbi halijamwingia mtu mwingine.

Jumamosi, 16 Mei

Hukumu: nimeachiwa darasa mpaka mwisho wa muhula. Mkaguzi alitaka nirudi stoo, sitajidanganya. Mama Filimbi ndiye aliyesema maneno mawili kwa niaba yangu, kwamba watoto wananipenda na hilo halinunuliki dukani, yeye atanishika mkono katika mengine. Masharti ni chaki nyeupe tu, silabi moja moja, na sinia la mchanga. Mkaguzi atarudi.

Asubuhi nimekwenda kwa fundi. Mke wake amerudi. Aliposikia habari ya suruali alicheka mpaka akaegemea cherehani. Yeye ndiye humpangia mumewe nyuzi, kila moja na mahali pake. Safari hii nyuzi mpya zilikuja yeye hayupo. Fundi alitaka kuufumua mshono hapo hapo, amefadhaika. Nikasema uache. Nikasema pia samahani, kwa neno zima, mbele ya binti yake. Akanijibu, mwalimu wangu, yameisha.

Bibi Kimya alikuwa chini na vishikizo vyake. Alikuwa anamwambia kimoja kwamba amekosea lakini ajaribu tena. Mimi sikuwahi kumwambia hivyo. Sijui alikotoa.

Dada ameniuliza nimejifunza nini. Nikasema mengi. Akasema nitaje moja. Nikasema rangi zina hatari zake, na mtu mwenye busara hawezi kutegemea macho ya watoto, macho hayafanani. Alisubiri niendelee, lakini nilikuwa nimemaliza.

Jumatatu, 18 Mei

Chaki nyeupe. Silabi moja moja. Sinia la mchanga. Nimetii yote, na Mama Filimbi amepita mara mbili akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kusoma, sina neno.

Lakini zimebaki namba, na juu ya namba hakuna aliyenipa sharti.

Mpango umekuja wakati naoga. Kila namba na harufu yake! Moja, sabuni. Mbili, ganda la chungwa. Tatu, kitunguu. Nne, kahawa. Tano, kipande cha kiatu changu. Nimeyapanga makopo mezani, nimeyafunika vitambaa. Hakuna rangi hata moja, kwa hiyo hakuna wa kuonewa. Bibi Kimya ndiye aliyeongoza darasa. Alinusa kopo mara moja tu, akasema tatu, akacheka kwa sauti. Kabla ya mapumziko walikuwa wanahesabu wamefumba macho. Ilibidi nitoke uani nisimame kidogo. Dada bado hajajua kitunguu chake kimekwenda wapi.

Mmoja tu ananitia doa. Kamasi. Nimempa sabuni, kimya. Nimempa kitunguu, ameingiza pua yote mpaka ikabaki ndani, kimya. Anaitazama tu ile namba niliyoibandika kwenye kopo, anaifuata kwa kidole, midomo inacheza.

Ubishi mtupu. Siku ya mkaguzi nitasema ana kikohozi.